Masika ya Manjano Tandale

Tunu aliletwa hospitali juu ya mkokoteni wa kubebea magunia sokoni, mumewe Shomari akisukuma kwenye tope tangu Tandale. Mvua ilikuwa imewalowesha wote wawili. Wauguzi walipomfunua khanga usoni, Daktari Sesilia, aliyekuwa ameitwa kutoka maabara, alisogea karibu na kuinama. Macho ya yule mwanamke yalikuwa na rangi ya bizari, na ngozi ya kifua vilevile. Tumbo lilikuwa la mimba iliyokaribia kutimia.

"Tunu, wanisikia?"

Tunu alimtazama bila kumwona. Alikuwa akimwita mama yake, na vidole vyake vilikuwa vikichuna kitu hewani. Siku chache kabla yake alikuwa amekaa mlangoni kwake akichambua mchele, akamkaribisha Sesilia maji ya mtungini na kumcheka kwa kuwa daktari naye anatembea kama bata kwa sababu ya mimba. Sasa hakuijua hata sura yake. Alifariki kabla ya adhana ya magharibi, na mtoto tumboni akafa naye.

Shomari hakulia. Alisimama ukutani na suruali yake iliyojaa matope, akamuuliza Sesilia swali moja tu. "Si wewe uliyemtoa damu?"

"Ndiyo, kaka yangu. Mie ndiye."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba hilo lilimtosha, akatoka kwenda kutafuta wa kumsaidia kubeba maiti.

Sesilia alikuwa mtafiti wa magonjwa ya ini na tumbo. Alizaliwa Masasi, akasomeshwa na masista, kisha serikali ikampeleka ng'ambo kusomea udaktari, na aliporudi akapewa chumba nyuma ya hospitali chenye darubini moja, jokofu moja na mashine ya kuzungusha damu. Mwaka ule wa sabini na nane, masika yalipoanza, watu wa Tandale walianza kuugua manjano. Wanaume waliugua, wakadhoofika, wakalala nyumbani majuma kadhaa, kisha wakarudi sokoni kubeba mizigo. Hakuna aliyeshtuka. Sesilia alikwenda mara kwa mara kuchukua damu zao na kuuliza wamekula nini na wamekunywa nini, na kila nyumba aliyoingia alikaribishwa, naye alikunywa alichopewa, maana kukataa maji ya mtu ni kumdharau.

Kisha wakaanza kufa wanawake. Tunu alikuwa wa tatu. Wote watatu walikuwa wajawazito.

Asubuhi iliyofuata alimweleza mkuu wake, Daktari Theonest, mzee wa Kihaya mwenye sauti ndogo aliyekuwa amefundisha madaktari wengi wa nchi hii. Theonest alisikiliza huku akifuta miwani.

"Nimewahi kusoma habari za mji mmoja wa Uhindi," alisema. "Maji machafu yaliingia kwenye maji ya kunywa, maelfu wakapata manjano. Wengi walipona. Wenye mimba walikufa kama nzige. Hadi leo hakuna anayejua ni kidudu gani. Si kile tunachokijua cha kwenye damu."

"Kwa hiyo ni maji."

"Nadhani ni maji." Akavaa miwani, na macho yake yakatua juu ya tumbo la Sesilia. Ilikuwa kana kwamba ndiyo kwanza aione ile mimba, ingawa alikuwa akiiona kila siku. "Ndugu Sesilia, wewe huko Tandale usiende tena."

"Nimeshakwenda, mzee."

"Umekula kwao?"

"Nimekunywa."

Theonest aliweka mkono wake mezani karibu na wa Sesilia, asiuguse. Nje, muuguzi mmoja alikuwa anacheka na mwenzake. Sesilia alihisi mtoto akijigeuza, na kwa mara ya kwanza tangu ashike mimba, kule kucheza kwa mtoto kulimtia hofu badala ya furaha.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia mwilini mwake. Alipoamka alikichukua kile kioo ambacho mumewe alitumia kunyolea ndevu, akaenda nacho dirishani, akavuta chini kope la jicho na kutazama weupe. Alitazama mkojo wake. Alijua dalili zote kwa moyo: uchovu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, maumivu chini ya mbavu za kulia. Lakini ni mjamzito gani asiyechoka? Ni yupi asiyetapika? Kila kitu mwili wake ulichofanya kwa heri kingeweza pia kuwa ni shari, na hapakuwa na kipimo cha kumwambia kipi ni kipi mpaka manjano yenyewe yatokeze.

Mumewe, Kasimiri, alikuwa fundi wa vinyago vya mpingo. Walikuwa wamepanga Temeke, vyumba viwili na ua, na Kasimiri alifanya kazi yake uani chini ya bati, tezo mkononi. Alimwona mkewe na kioo.

"Una kibanzi jichoni?"

"Hamna kitu."

"Sesi, kila siku hamna kitu, na kila siku wajitazama."

Hakumwambia. Alihofu kwamba akilitamka, litakuwa kweli. Alikaa mbali na sahani yake ya ugali wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, kwa sababu ile rangi tu ilimkinaisha, akamwomba Mungu kwa Kimakua, lugha aliyokuwa hajasali kwayo tangu utotoni.

Alipotaka kukaa nyumbani, aliwakumbuka wale wengine. Tandale palikuwa na wajawazito wengi, naye aliwajua kwa sura. Mmoja wao alikuwa Mauwa, msichana mcheshi wa nyumba ya tatu kutoka sokoni, aliyekuwa akiishi na mama yake, Mwanakombo, kwa kuwa mumewe alikuwa jeshini. Kama ni maji, basi Mauwa alikuwa akiyanywa leo, na kesho angeyanywa tena.

Kwa hiyo alirudi. Alikwenda na Projestus, mtaalamu wa maabara, kijana mrefu mwenye haya, wakabeba sanduku la vichupa na sindano. Walikwenda kwanza kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Salumu, ambaye aliwapeleka kuona maji.

Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu mafuriko yalipoisomba barabara na kukata mpira mkubwa wa maji. Watu walikuwa wakichota kisimani. Kisima kilikuwa chini kwenye mtelemko, karibu na mto, kimezungushiwa matairi, na juu yake, kwenye huo mtelemko, zilikuwa nyumba na vyoo vyao. Vyoo vilikuwa vimejaa mvua. Sesilia alitazama michirizi ya maji meusi ikitoka chini ya ukuta wa choo kimoja, ikipinda kwenye nyasi, ikiteremka polepole hadi kwenye matairi. Mwanamke mmoja alikuwa akivuta ndoo.

"Mama, tafadhali, hayo usinywe," Sesilia alisema.

"Ninywe nini sasa?" yule mwanamke akauliza, akajitwisha ndoo yake na kupanda.

Walipokuwa wakijaza vichupa, kelele zilianza. Sesilia alisikia neno moja kabla hajawaona watu. Mumiani. Alilijua tangu utotoni. Bibi yake alikuwa akiwatishia nalo wajukuu wasizurure, kwamba kuna watu wanaoteka wenzao na kuwanyonya damu ili watengeneze dawa. Alipogeuka, watu walikuwa wamejaa kwenye mtelemko, wapagazi wa sokoni, akina mama na watoto, na mbele yao Shomari, macho mekundu.

"Huyo hapo!" Shomari alipaza sauti. "Mke wangu alikuwa mzima. Akaja huyu na sindano zake, akamtoa damu, mke wangu akafa. Mke wa Mzee Jamali vilevile. Kila anayemtoa damu anakufa!"

"Nyie watu, tulieni," Mzee Salumu alisema. "Huyu ni daktari wa serikali."

"Serikali gani inanyonya watu damu?"

Jiwe lilianguka majini nyuma ya Sesilia. La pili lilimpata Projestus begani, akaliachia sanduku, na vichupa vikavunjika. Kundi lilisogea. Sesilia aliuona ubao mkononi mwa mtu, wenye misumari. Hakuweza kukimbia, nyuma ni kisima, mbele ni watu, na tumbo lile lingemwangusha kwenye tope. Aliikumbatia mimba yake kwa mikono miwili. Alitaka kusema maneno ya kitaalamu, hakuyapata hata moja.

Badala yake aliinama, akatafuta kwenye sanduku lililopinduka, akaokota mpira wa kufungia mkono na bomba la sindano lililokuwa bado kwenye karatasi yake. Alikaa juu ya tairi. Akajifunga mpira kwa meno. Aliukosa mshipa mara ya kwanza, damu ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mara ya pili akaupata. Alivuta taratibu mbele yao wote, bomba likajaa damu nyeusi, akaliinua.

"Hii ni yangu," alisema. "Damu niliyomtoa Tunu ni kiasi hikihiki. Haiui. Kilichomuua kimo humu kisimani, kinatoka vyooni. Mie mwenyewe nimekunywa maji haya nyumbani kwa Tunu. Alinipa kwa kata, nikanywa, na mimba yangu mnaiona. Kwa hiyo naogopa. Sijalala vizuri siku nyingi. Nikifa, mtajua sikuwa mumiani. Lakini nyie wenye mimba, msingoje nife ndiyo mniamini."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Shomari alikuwa amesimama karibu kiasi cha kumgusa. Alimtazama usoni muda mrefu, kisha akatazama damu iliyokuwa ikimdondoka kwenye kidole.

"Alikupa maji?" akauliza kwa sauti ndogo. "Tunu?"

"Alinipa. Akanicheka nilivyotembea."

Uso wa Shomari ukakunjamana, akakaa chini palepale kwenye tope, na ndipo akalia. Mtu mwenye ubao akaushusha. Mwanakombo, mama yake Mauwa, aliwapenya watu na khanga yake kichwani, akamshika Sesilia kwapani na kumwinua.

"Shikamoo, mama," Sesilia alisema, akaona ajabu kwamba adabu bado ilimtoka kinywani.

"Marahaba, mwanangu. Simama. Niambie tufanye nini, maana mie binti yangu ana mimba na bomba halina maji."

Kisima hakikuweza kufungwa siku hiyo, watu wangekunywa nini? Waliafikiana yawezekanayo. Sufuria kubwa za shughuli, zile za kupikia pilau la harusi, ziliazimwa kwenye tawi la chama na kutelekwa kwenye ua wa Mwanakombo. Wapagazi wakaleta mbao za masanduku yaliyovunjika sokoni ziwe kuni. Kila siku maji yalichemshwa hadi yakatokota, yakapoozwa, na kila mjamzito wa mitaa ile akaja na chombo chake kuchota ya kunywa. Shomari ndiye aliyekuwa akichanja kuni, haongei na mtu. Projestus na vijana wa tawi wakafukia choo kilichokuwa kikivuja, wakachimba mfereji kukinga kisima, wakakimwagia dawa ya kuua vijidudu.

Sesilia alirudi nyumbani na mkono uliofungwa kitambaa, na jioni ile alimwambia Kasimiri kila kitu. Kasimiri aliweka tezo chini. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaleta taa, akamshika kidevu, akamvuta kope yeye mwenyewe na kutazama.

"Meupe," alisema. "Kuanzia leo natazama mie. Wewe pumzika kutazama."

Lakini maji yaliyochemshwa hayawezi kuyatoa yale yaliyonywewa zamani. Ugonjwa ule ulikaa tumboni majuma kadhaa kabla ya kujionyesha, na Sesilia alilijua hilo. Siku moja Mwanakombo alifika hospitali na Mauwa, na kabla hawajafika mlangoni Sesilia alikwisha kuona.

"Shikamoo, daktari," Mauwa alisema, akajaribu kucheka. "Mama anasema nimepakwa bizari."

"Marahaba, mdogo wangu. Njoo ulale."

Hakukuwa na dawa. Hilo ndilo alilolificha usoni mwake huku akimtandikia kitanda. Alimpa maji ya sukari, akamwekea dripu, akamwambia Mwanakombo amwite mara tu Mauwa akianza kusema mambo yasiyoeleweka. Mwanakombo hakuuliza maana yake. Alikaa sakafuni kando ya kitanda, kichwa chake usawa na mkono wa binti yake.

Asubuhi ya pili yake Sesilia aliamka na homa. Mwili wote ulimvunja. Alitapika uani, akaona mkojo wake, ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Kasimiri alimvuta kope mlangoni penye mwanga, na safari hii hakusema "meupe." Alimfunika shuka, akaenda kuazima gari kwa jirani.

Njiani Sesilia alihesabu mafumbo ya rozari akayachanganya. Aliwaza kwamba ataanza kuchuna hewa kama Tunu, na hatajua kwamba anachuna. Hilo ndilo lililomtisha kuliko kufa: kwamba ataondoka kwenye akili yake kwanza, akimwacha mtoto peke yake ndani ya mwili usio na mwenyewe. Alimshika Kasimiri mkono. "Nikianza kusema ovyo," alimwambia, "waambie wamtoe mtoto. Usisubiri." Kasimiri aliitikia, mashavu yake yamelowa.

Theonest mwenyewe alimtoa damu. Projestus aliipaka kwenye kioo, akaiweka chini ya darubini. Sesilia, amelala kwenye benchi la maabara yake mwenyewe, alitazama mgongo wa yule kijana uliopinda. Ulikaa vile muda mrefu, kisha ukashtuka.

"Malaria," Projestus alisema. Akageuka, anacheka kama mtoto. "Daktari, ni malaria! Vimelea vimejaa tele!"

Theonest alimsukuma kando akatazama. "Malaria," naye akasema. "Kali, na imeharibu damu, ndiyo maana ya mkojo na macho. Lakini hii tuna dawa yake."

Malaria iliua wajawazito kila mwaka, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Sesilia. Hata hivyo alicheka. Alicheka huku meno yakigongana kwa homa, akamshika Kasimiri shingoni na kumwambia, "Malaria tu, baba, malaria tu," na Projestus akacheka naye, na hata yule mzee akatabasamu.

Muuguzi alifungua mlango wakiwa bado wanacheka. "Daktari Theonest, njoo. Yule binti wa Tandale ameanza kusema ovyo."

Mauwa alifariki siku iliyofuata. Sesilia alikuwa wodi ya jirani, sindano ya dawa imo mkononi, akasikia kilio cha Mwanakombo kupitia ukutani. Alijifunika shuka usoni. Alimlilia Mauwa, na chini ya kilio chake kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikishukuru kwamba si yeye, na hakikunyamaza hata alipokiamuru kinyamaze.

Mvua zilikatika. Mpira mkubwa ukaungwa, bomba la Tandale likatoa maji, watu wakakifukia kile kisima. Wajawazito wawili zaidi waliugua, wakapona, na baada ya hapo hakuna aliyeletwa tena kutoka mitaa ile. Akina mama walimwambia Projestus kwamba Mwanakombo aliendelea kuchemsha maji kila siku baada ya kumzika binti yake, na kwamba hakukosa hata siku ya matanga. Sesilia hakwenda kumpa pole. Alijiambia ni homa, kisha mimba, kisha uzazi. Ukweli ni kwamba hakujua angeupeleka uso gani kwake.

Alijifungua mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Walimwita Margareta. Sesilia alikuwa bado hajamaliza arobaini ya uzazi Kasimiri alipokuja chumbani, mikono imejaa vumbi la mpingo.

"Kuna mgeni. Mama mmoja wa Kizaramo. Anasema ametoka Tandale."

Sesilia alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwanakombo aliingia taratibu, amekonda, baibui lake lina vumbi la njia. Sesilia alipiga magoti kumwamkia.

"Inuka," Mwanakombo alisema. "Nipe nimwone."

Alimchukua mtoto, akamlaza mapajani, akamtazama sana. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. Mtoto alipiga chafya. Mwanakombo akamfuta pua kwa ncha ya khanga.

"Mungu amkuze," alisema hatimaye, akamrudisha. "Sikuja kwa hili tu. Kule Boko, kwa mdogo wangu, kumezuka manjano. Kuna binti ana mimba changa, macho yashageuka. Wenyewe wamemficha ndani, wanasema madaktari ni mumiani. Nimewaambia namjua mmoja. Wanataka wamwone huyo huyo, si mwingine."

Sesilia alimtazama mwanawe. Hofu ile ile ilirudi kifuani ikakaa mahali pake, kana kwamba haikuwahi kuhama. Kidudu chenyewe alikuwa hajakiona; hata jina hakikuwa nalo. Huenda angerudi nacho mikononi, kwenye kucha, kwenye upindo wa nguo, akamnyonyeshea mtoto wake.

"Mama, naogopa," alisema.

"Najua. Nami naogopa. Kule kuna wajukuu wa mdogo wangu."

Kasimiri alikuwa mlangoni. Walitazamana naye. Alinawa mikono kwenye beseni, akaisugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kama alivyofundishwa, akaja kumpokea mtoto.

Sesilia alimnyonyesha Margareta kwanza, ziwa hili na lile, bila haraka. Kisha akabadilisha nguo, akachukua sanduku lake, akamfuata Mwanakombo barabarani kungojea basi la kuelekea kaskazini.